Vipimo vya Dar kwenye jiko la Dodoma

*Shikamoo mama. Keki yangu inavimba vizuri, halafu inabonyea katikati. Vipimo kanipa dada yangu wa Dar, na kwake inatoka safi. (Kisasa, Dodoma)*

Marahaba mwanangu. Vipimo vya dada yako ni sahihi, ila ni vya pwani. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni nyepesi, kwa hiyo mapovu ya bekingi pauda yanatanuka haraka kabla unga haujakaza. Keki inapanda mbio, inakosa wa kuishika, inazama. Kama yeye anaweka vijiko 2 vya chai kwa vikombe 2 vya unga, wewe weka kimoja na nusu. Ongeza vijiko 2 vya chakula vya maziwa, maana huku unyevu nao unakauka upesi. Sukari punguza kidogo tu. Na jamani, acheni kufunua kuchungulia keki kabla haijashika! Hilo linaangusha keki hata Dar.

*Naoka kwa mkaa. Chini inaungua, juu mbichi. (Chang'ombe)*

Geuza moto. Mkaa mwingi ukae juu ya mfuniko, chini bakiza vipande vichache. Tandaza mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, bati la keki likae juu yake.

*Zabibu kavu zinazama zote chini. (Hombolo)*

Zioshe, zikaushe kwa kitambaa, zigaragaze kwenye unga kidogo, uzitie mwisho kabisa. Rojo likiwa jepesi mno, zitazama tu.

*Nina oda ya keki ya sendofu Kondoa. Krimu ya siagi itafika? (Area C)*

Siagi tupu kwenye joto la Oktoba italegea njiani. Changanya nusu siagi, nusu mafuta ya kupikia yaliyoganda. Keki ipoe kabisa kwanza; ya vuguvugu inayeyusha krimu, na hapo ndipo kazi nzuri nyingi huharibika. Paka tabaka jembamba la kushika makombo, weka friji nusu saa, ndipo upake la pili. Ukitumia fondanti, lile donge la sukari la kusukuma na kufunikia keki, ukame wetu unaipasua, kwa hiyo kipande usichokifanyia kazi kifunike kwa nailoni. Ondokeni alfajiri. Boksi likae sakafuni mwa gari, si mapajani, na ubebe krimu ya akiba ya kurekebishia mkifika.