Milima na nyumba za marais, Virginia

SWALI: Assalaam alaykum. Mwanangu aliyeko Virginia, Marekani, ananialika kutembelea milima, mashamba ya mizabibu na nyumba za marais, nami situmii kileo. Nianzie wapi? – Mama, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, Bi Mkubwa. Mizabibu itazame kwa mbali ukiwa njiani, na milima ya Blue Ridge uione kutoka barabara ya Skyline Drive, yenye kilomita 169. Siku nzima iwekee Monticello, nyumba ya Rais Thomas Jefferson, aliyemiliki watumwa zaidi ya 600 katika uhai wake. Kisha nenda Montpelier, nyumba ya Rais James Madison, ambako matofali yangali na alama za vidole vya watumwa walioyafyatua. Kwetu sisi wa Unguja, tunaopita kila siku Mkunazini, penye soko la watumwa lililofungwa 1873, alama hizo ni nzito kuliko fahari ya nyumba yenyewe.