Kabla hujawasha kontena la VPN nyumbani, soma ruta yako

Vijana wengi wanaoanza kazi ya kufunga VPN, njia ya siri ya kufikia mtandao wa nyumbani ukiwa mbali, hapa Arusha huanzia mwisho. Wanashusha Docker, programu ya kuendesha makontena (vifurushi vya programu vilivyotengwa), wanawasha kontena la WireGuard, programu ya VPN, kisha wanashangaa mbona simu ikiwa mjini haishiki nyumbani Njiro. Anzia kwenye ruta. Ingia kwenye ukurasa wake usome anwani ya upande wa WAN, yaani wa intaneti. Ikiwa iko kati ya 100.64 na 100.127, au inaanza na 10, uko nyuma ya CGNAT: anwani moja ya nje mnaitumia wateja wengi. Hapo hata ufungue poti 51820 ya UDP, mlango wa WireGuard, usiku kucha, hakuna kitakachoingia. Ruta nyingi za laini ya simu ziko hivyo. Omba anwani ya umma kwa anayekuuzia intaneti, au kodi seva ndogo ya nje, nyumbani na simu vikutane huko.

Kontena lenyewe halina makuu. Kumbuka tu halina keneli yake, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, linatumia ya mashine iliyolibeba, na WireGuard imo ndani ya Linux tangu toleo la 5.6, Machi 2020. Lipe ruhusa ya NET_ADMIN (ya kubadili mipangilio ya mtandao), washa ip_forward (inayopitisha data kwenda vifaa vingine), na funguo za siri zinazotambulisha seva na simu zikae kwenye folda iliyo nje ya kontena. Ukiziacha ndani, siku ukisasisha zimekwenda, na utapita kwa kila mtu nyumbani ukiomba simu yake upya.

Kinachowatesa wengi ni ukimya. Ufunguo ukikosewa herufi moja, WireGuard haikwambii kitu, utadhani seva imezimwa. Jaribu kwa bando la simu, si kwa Wi-Fi ya nyumbani, kisha andika amri ya wg show kwenye seva utafute mstari wa latest handshake, yaani mara ya mwisho simu na seva kutambuana. Haupo? Shida ni njia au funguo. Upo, lakini kamera ya getini haifunguki? Tazama anwani za ndani. Ruta nyingi hutoka dukani na 192.168.0 au 192.168.1, na mgahawa uliokaa Sekei huenda unatumia hiyohiyo, basi simu inaitafuta kamera yako humo mgahawani. Ya nyumbani ifanye 192.168.77 mapema, kabla hujafunga printa na kamera. Baadaye ni usumbufu mtupu.

Ukimfungia mteja VPN, mkumbushe pia kwamba Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, iliwataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao. Aulize utaratibu wa sasa mwenyewe. Halafu, kabla hujapokea hela yako, chomoa mashine kwenye umeme, irudishe, uone kama kontena linaamka bila kuguswa.