Mayai ya friza, tena ya kutoka ng'ambo?

SWALI: Shangazi, habari. Niko Umoja, nina miaka 43, ndoa miaka 9 na mtoto hatujajaliwa. Daktari anasema mayai yangu yameisha nguvu, lakini kuna ya msichana mwingine yamegandishwa huko nje, yanaweza kuletwa na ndege, yaunganishwe na mbegu za mzee wangu halafu niwekewe. Mzee amecheka, ati hata ya kuku ukiyaweka kwa friza yanapasuka. Yatafika yakiwa mazima kweli? Na mtoto atakuwa wa nani? Mama mkwe naye tumwambie?
Bado Nangoja

JIBU: Bado Nangoja, mzee ana pointi bana. Yai la mwanamke ndio seli kubwa kuliko zote mwilini na limejaa maji, na maji yakiganda polepole yanakuwa vipande vya barafu vyenye ncha vinalikata kutoka ndani. Ndio maana mbegu za mwanaume zilianza kugandishwa miaka ya 1950 lakini mimba ya kwanza ya yai lililogandishwa ikangoja mpaka 1986, huko Australia. Siku hizi maji yanafyonzwa kwanza, yai linawekwa dawa ya kulilinda, kisha linatoswa ghafla kwa nitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri, linakuwa kama kioo, barafu haipati nafasi. Madaktari wa uzazi wa Marekani waliacha kuiita njia hii ya majaribio 2012.

Safari ya ndege isikutishe. Kama umekulia kwa watu wa ng'ombe utamkumbuka yule jamaa wa A.I., wa kupandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa, na mtungi wake nyuma ya pikipiki, ukifunguliwa unatoa moshi mweupe. Mtungi wa kubebea mayai ni ndugu yake, ila nitrojeni imefyonzwa na kuta za ndani kwa hivyo haimwagiki, na unakaa baridi wiki nzima na zaidi. Ndani kuna kifaa kinachorekodi baridi njia yote. Omba uone hiyo rekodi, usione haya, ni pesa zako.

Kasheshe iko maabara siku ya kuyayeyusha. Kwa mikono mizuri, kati ya 10 yanapona kama 8 ama 9, halafu kila moja linadungwa mbegu moja kwa sindano maana ganda lake huwa limekuwa gumu, na hapo pia si yote yatashika, na yaliyoshika si yote yatakua mpaka siku ya tano, wakati wa kuwekwa tumboni. Kwa hivyo wakikuletea 6 usishangae kubaki na mawili, ama moja. Uliza kabla ya kusaini, yote yakifa nani anabeba hasara? Ijibiwe kwa maandishi, si kwa mdomo pale risepsheni.

Mtoto atachukua damu ya mzee wako na ya huyo msichana, lakini wewe ndiye utambeba na kumzaa. Nafasi ya kushika inafuata sana umri wa mwenye yai, hiyo ni habari njema, ila mwili wa kubeba bado ni wa miaka 43, na mimba za mayai ya kupewa zinapandisha presha zaidi, so kliniki usiruke hata siku moja.

Uliza pia yanatoka nchi gani. Uhispania sheria inaficha jina la aliyetoa, lakini aliyetoa Uingereza tangu Aprili 2005, mtoto akifika miaka 18 anaweza kuomba kumjua. Mimi naona mtoto aambiwe mapema, akiwa bado wa hadithi za kulala, kuliko agundue ukubwani kwa kipimo cha DNA. Mama mkwe? Huyo anaweza kungoja, mtoto ndiye asingoje.

Na huyo mzee anayecheka, mbegu zake zimepimwa? Hujaniambia. Apimwe kabla hamjalipa hata shilingi.