Usisafishe Kuliko Kiwanda: Kwa Vijana Wapya wa Faiba

Wadogo zangu mliopata kazi kwenye gereji za Corvette, yale magari ya michezo ya Kimarekani yenye bodi ya faiba (nyuzi za kioo) badala ya bati, hapa Bowling Green, Kentucky, salamu kwanza, lawama baadaye. Wengi wenu mmekuja kutoka Uvira, Bujumbura na makambi ya Kigoma mkiwa na mikono iliyozoea bati: nyundo, kuchomelea, puti, msasa, rangi. Sina neno na mikono hiyo. Nina neno na kijana niliyemkuta juzi amelala chini ya gari la 1965, grainda inanguruma, anakwangua ndani ya matigadi mahali ambapo hakutumwa. "Nasafisha, kaka. Kulikuwa na uchafu." Nilichomoa waya ukutani kwanza, maneno yakafuata.

Uchafu ule uliwekwa na kiwanda, na mwenye gari aliulipia. Basi nayaandika yote hapa, nisije nikayarudia mwezi ujao na mwingine.

1. Jua gari lilitoka wapi kabla hujafungua kopo. Kiwanda kimehamia hapa Kentucky 1981. Yale 300 ya mwaka wa kwanza, 1953, yalitoka Flint, Michigan, halafu kazi ikaenda St. Louis, Missouri, na huko ndiko yalikotoka karibu yote tunayoyaita ya zamani. Vipande vyake vilishindiliwa kati ya kalibu mbili za chuma, ndiyo maana ni laini nje na ndani, na havina jelikoti, lile ganda la rangi linalopakwa kwenye kalibu kabla ya nyuzi. Ukipapasa kwa ndani ukakuta nyuzi zimesimama na mabonde, jua kipande hicho kiliwekwa baadaye na mtu mwingine. Mwambie bosi kabla hujakigusa, la sivyo kesho kitaitwa chako.

Yale ya miaka ya 1970 kuja juu yana faiba ya aina nyingine, ile ya SMC, yaani shuka la nyuzi lililokwisha kulowa resini na kushindiliwa kwa joto, na resini ya poliesta (ule uji wa kawaida unaoganda na kushika nyuzi) haiishiki vizuri. Hapo ni epoksi, resini ya aina nyingine inayonata zaidi. Na epoksi haipendi mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa, kwa sababu gundi inayoshika mkeka huo inangoja stirini, ile kemikali kali iliyomo ndani ya poliesta, iiyeyushe, na epoksi haina stirini. Tumia kitambaa cha faiba. Nimewaambia hili jikoni, nimewaambia kwenye gari, na bado naona mikeka mikavu imeganda ndani ya epoksi.

2. Nyufa za utando wa buibui hazizibwi kwa puti. Zitarudi, na zitarudi baada ya rangi. Saga mpaka ufa uishe kabisa, na ukingo uteremke taratibu: ganda likiwa na unene wa milimita 3, mteremko ufike karibu sentimita 4. Kisha jiulize ufa ulitoka wapi. Tulipata gari ambalo pengo la mlango lilikuwa limejazwa puti nene kuliko kidole, limepigwa msasa vizuri hata ukampenda fundi. Tatizo halikuwa mlango. Vile vibati vinavyokaa kati ya bodi na chesisi vilikuwa vimeliwa na kutu, bodi imelala upande. Kwa hiyo kwenye magari ya 1963 na kuendelea, tazama vibati, tazama na kizimba cha chuma kinachozunguka kioo cha mbele, ndipo ushike msasa.

3. Ndani ya matigadi. Hapa nakaa kidogo, maana hapa niliungua.

Vipande vya bodi hukutana juu ya ukanda wa faiba uliofichwa nyuma ya mshono, vimegandishwa juu yake kwa gundi. Jamaa wa St. Louis walipaka gundi nyingi, wakabana, wakageukia gari linalofuata. Gundi iliyozidi ikafurika pembeni kama uji uliochemka bila mtu wa kuutazama, ikaganda hapohapo. Waamuzi wa NCRS, kile chama cha wenye Corvette kilichoanzishwa 1974, wanajua kuitafuta. Kipimo chao ni gari lilivyotoka kiwandani, na anayetaka cheti cha Top Flight lazima apate angalau asilimia 94 ya alama zao.

Mimi haya sikuyajua. Niliketishwa mbele ya gari la 1966 lenye ufa juu ya matigadi ya kushoto. Ufa nikautengeneza vizuri, hilo hata leo najisifia. Kisha nikainua macho, nikaiona ile gundi. Nikaona aibu kwa niaba ya kiwanda. Nikaikata yote, na kingo za ukanda zikaenda nayo, nikapiga msasa, nikapaka resini mpaka pakang'aa, nikamwita mwenzangu aje aone kazi ya mtu wa Kigoma.

Mzee mwenye gari alipokuja hakutazama rangi. Alitoa mfukoni kile kioo kidogo cha madaktari wa meno, akapiga goti, akamulika kulia, akamulika kushoto, akarudi kulia.

"Upande huu ni wa St. Louis," akasema. "Ule wa kushoto ni wa wapi?"

Nikamjibu kwamba nimeuboresha. Nawaombeni, neno hilo msilitamke mbele ya wazee hawa. Hakupaza sauti. Aliketi juu ya ndoo ya puti, akanieleza taratibu kwamba alilinunua gari lile kwa bei ya juu kwa sababu chini lilikuwa halijaguswa. Bosi amesimama mlangoni, anasikia kila neno.

Nikaanza kurudisha. Nikachanganya gundi, nikaichora kwa kijiti, tone hapa, mchirizi pale. Asubuhi nikatazama: matone yamepangana, yote unene mmoja, kila moja limekaa linapopendeza. Nikakwangua. Safari ya pili nikachora ovyo kwa makusudi, ikawa mbaya zaidi, kwa sababu ovyo ya makusudi nayo ina mpango wake na jicho linauona. Mwishowe fundi mmoja mzee wa pale, Mmarekani ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa tunasalimiana kwa kidevu tu, akaniambia niache kuchora. Ng'oa ukanda, paka gundi nyingi, bana kwa vibano mara moja, nenda ukale. Usikae kuangalia, nenda kweli. Nikaenda. Niliporudi gundi ilikuwa imejifurikia yenyewe, na kwenye kioo kulia na kushoto ni ndugu wa tumbo moja. Saa za kazi ile sikulipwa, na sikuuliza.

4. Juu nako usizidishe. Laka, ile rangi iliyotumika St. Louis, haikuwa na tabaka angavu la kung'arisha juu yake, na juani mistari ya mishono huonekana kwa mbali ikichungulia chini ya rangi. Gari likimeta mpaka unajinyoa ndani yake, limetoka kwako, halikutoka kiwandani. Jumba la makumbusho la hapa mjini, ardhi ilipofunguka tarehe 12 Februari 2014 ikameza Corvette 8, walitengeneza 3. Zile 5 wameziacha zilivyo, maana zingetengenezwa kisingebaki kitu cha asili. Nendeni mkazione, kisha mrudi mshike msasa kwa adabu.

5. Haya ni ya haraka. Hadna, dawa ya kugandisha poliesta, ni asilimia 1 hadi 2 ya resini. Ikiingia jichoni inapofusha, vaa miwani. Resini yenye nta ni ya tabaka la mwisho tu. Dawa ya kutolea rangi kwenye bati inakula faiba. Tumia wembe, laka kuukuu inabanduka. Kiraka cha ndani kifunike na karatasi laini ya plastiki kikiwa kibichi, kitatoka laini kama kile kilichoshindiliwa. Koga maji baridi kwanza ndipo ya moto, au usiku utajikuna mpaka mke akuhamishe chumba.

6. Kungoja. Resini ya poliesta ikishaganda bado inaendelea kusinyaa taratibu. Ukiipaka rangi mapema, baada ya wiki kadhaa umbo la kiraka linatokeza juu ya boneti, nyuzi zinahesabika. Gari likae juani siku za kutosha kabla ya praima, ile rangi ya msingi. Kama ni majira ya baridi, taa za joto zipo pale nyuma ya kompresa. Mwenye gari akipiga simu kuuliza mbona halijapakwa rangi, msimuahidi tarehe. Mpeni namba yangu.