Ana Nini Chini ya Mto?

Juzi usiku nimekaa zangu barazani nasubiri umeme urudi, simu ikalia, meseji ya kijana mmoja mkufunzi mwenzangu, yuko huko bara, ndio kwanza kaanza kufundisha uuguzi mwaka huu. "Shikamoo madamu, nimepewa ile mada ya kumhudumia mgonjwa kwa ukamilifu wake pamoja na tiba asili na za kusaidizia, ratiba imenipa masaa mawili tu, na kitabu nilichonacho kinaongelea yoga na mafuta ya lavenda, sasa huku kwetu nafundisha nini? Naomba nondo, na mtihani wake nautungaje?" Marahaba mwanangu. Nikaanza kumjibu kwa voisi, ya kwanza tu ikafika dakika tisa, nikaona bora niandike hapa maana najua mko wengi na wote mnachotaka ni kimoja, mwanafunzi wako akifika wodini watu waulize huyu kafundishwa na nani.

Nondo ntatoa. Ila kwanza niwaambie nilivyojifunza mie, maana darasani sikujifunza.

Nilikua na mwaka na nusu kazini, hospitali moja hivi, siitaji. Wodi ya wanawake. Kalazwa bibi mmoja mtu wa Ngamiani, hapa Tanga, ana sukari na kidonda mguuni. Bibi mcheshi huyo, nikipita na toroli la dawa ananiambia sista mbona umekonda hivyo, huko kwenu hawapiki? Siku hiyo natandika kitanda chake, nainua mto, nakuta chupa ya maji ya lita moja na nusu imejaa kitu kijani kama maji ya bwawa. Nafungua kizibo, nanusa. Muarobaini.

Jamani nilimfokea yule bibi. Mbele ya wodi nzima, mbele ya mwanawe aliyekuja na uji. Nikamwambia nyie ndio mnaokuja kutufia hapa halafu nje mnasema hospitali imeua. Nikaibeba ile chupa mpaka kwenye sinki nikaimimina yote, nakumbuka ilivyokua inatoka gubu gubu gubu na mie najiona shujaa, na kwenye ripoti ya shifti nikaandika kabisa mgonjwa ameelimishwa. Ameelimishwa!

Bibi akanyamaza. Kuanzia jioni ile ukimwamkia anaitikia marahaba, basi, mazungumzo yameisha, uso anageuzia ukutani.

Sasa fuata hesabu yake. Siku mbili alizokaa bila ule muarobaini sukari ikapanda. Daktari kwenye raundi akaona imepanda, akaongeza vidonge vya kushusha sukari, glibenklamaidi, ambayo kwa mzee haitoki mwilini upesi. Wakati huohuo mwanawe kaleta chupa nyingine, safari hii kaificha ndani ya thermosi ya chai, kwa sababu kuna sista mkali. Muarobaini nao una tabia ya kushusha sukari. Na chakula cha wodini bibi hakimpandi. Usiku wa nne, saa kumi alfajiri, zamu yangu, mgonjwa wa kitanda cha pili ananiita sista njoo huyu bibi anaongea peke yake. Nafika kalowa jasho shuka zima, kanitolea macho hanijui, ananiita kwa jina la dadake. Napima sukari, 2.1, imeshuka mno. Mbio zile nilizokimbia kutafuta glukosi sijawahi kukimbia tena. Ilipoingia kwenye mshipa hazikupita dakika nyingi akapepesa macho akauliza kumekucha?

Kulipokucha kweli mwanawe akanivuta pembeni, analia, akafungua mkoba akanionyesha ile thermosi. Hakuna aliyewahi kuwauliza wanatumia nini nyumbani. Mie nilipogundua sikuuliza, nilifoka. Bibi alitoka hai alhamdulillah, siku ya kutoka aliaga kitanda kwa kitanda, mpaka mfagizi kamuaga. Mie alinipita.

Ile ya kupitwa mpaka leo inaniuma, nisiwadanganye.

Miaka ya katikati nairuka, kusoma, kuolewa, kusoma tena, hadi nikawa mkufunzi. Sasa mtu ungedhani kwa yale yaliyonipata ningefundisha vizuri tangu siku ya kwanza, wapi! Nilifundisha kwa slaidi kama wengine. Florence Nightingale, yule mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, shule yake pale St Thomas London 1860, madirisha, hewa safi, kelele zinavyomchosha mgonjwa. Mwili, akili, jamii, roho, mishale inazunguka. Siku moja nikataka kuwarahisishia kwa Kiswahili nikasema lengo ni kumhudumia mtu mzima. Mwanafunzi wa nyuma akanyoosha mkono, "Madamu, na watoto je?" Darasa likacheka mpaka mlinzi akachungulia, na mie nilicheka, lakini usiku nikawaza yule mtoto kaniambia ukweli, nimeongea masaa mawili hajaona mgonjwa hata mmoja ndani ya maneno yangu.

Kwenye mtihani waliandika vizuri mno. Wakaenda fildi, nikapitia mipango yao ya huduma, na kwenye mahitaji ya kiroho faili kumi na mbili zimeandikwa sentensi ileile, "mgonjwa apewe ushauri nasaha." Mmoja kamuandikia mgonjwa aliyekua hana fahamu.

Basi ndio nikaanza kubadilisha, na hapa kijana wangu chukua kalamu. Kwanza nikawatoa darasani. Masaa yako mawili saa nzima iwe wodini, mwanafunzi mmoja mgonjwa mmoja, na akae. Kwenye stuli, sio kusimama miguuni kwa kitanda kashika faili kama polisi wa trafiki. Asiandike chochote dakika kumi za mwanzo. Na aulize, ukiacha dawa zetu hizi unatumia nini kingine kinachokusaidia? Angalia hilo neno kinachokusaidia. Ukimuuliza mtu wa pwani "unatumia dawa za kienyeji?" atakuambia hapana, na huku chupa iko chini ya mto, kwa sababu ameshasikia kwenye sauti yako kwamba jibu sahihi ni hapana.

Pili, mie mwenyewe huwa naigiza bibi. Najifunga khanga, najilaza pale kwenye kitanda cha mazoezi, naficha chupa chini ya mto, na mwanafunzi akija na sauti ya kukaripia nageukia ukutani simjibu tena mpaka zoezi liishe. Wanaona mchezo. Wengine wametoka mule wanalia.

Tatu ni mikono. Nawauliza ukijigonga goti kwenye kona ya kitanda unafanyaje? Unasugua. Kwanini? Wanakaa kimya, ndio naingiza Melzack na Wall, 1965, wale waliosema kwenye uti wa mgongo kuna kama geti, hisia ya kuguswa inaweza kubana njia ya maumivu yasipite yote. Wakishaelewa hapo wanakaa wawili wawili, dakika kumi kila mtu anamkanda mwenzie mkono na mgongo, taratibu, akimwambia kila anachotaka kufanya kabla hajafanya. Bibi zetu wanakanda wazazi waliotoka kujifungua na wagonjwa miaka nenda rudi hawajui geti wala mlango. Ila hapohapo nawaambia na upande wa pili, maji ya kumkandia mzazi yanaunguza, mama aliyetoka operesheni kidonda hakikandwi, na mzazi anayekaa juu ya mvuke mchana kutwa na damu imempungua ataanguka.

Maana sio kila kitu ni sawa jamani, msije mkaninukuu vibaya. Ubani na chetezo cha makaa pembeni ya mtungi wa oksijeni ni moto huo, hakuna majadiliano, chetezo kinakaa nje na dua inasomwa ndani. Dawa za kuongeza uchungu kwa mjamzito zinaweza kupasua kizazi. Kitunguu saumu cha kumeza kwa wingi kwa mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, umuulize daktari. Tiba asili ikienda pamoja na dawa ya hospitali ni ya kusaidizia, ikichukua nafasi yake hiyo ni mbadala na hapo ndipo nesi ashtuke. Lakini utajuaje ipi ni ipi kama hujauliza? Narudia hilo la kuuliza na ntalirudia tena.

Sasa nilivyopeleka haya kwenye kikao cha wakufunzi, niombe masaa mawili yaongezwe yawe manne, mkubwa mmoja akasema mbele ya watu "kwa hiyo madamu sasa tuwafundishe uganga?" Wakacheka. Nikawaambia sheria ya tiba asili na tiba mbadala ipo tangu 2002, ina baraza lake, waganga wanasajiliwa, sikuitunga mie. Nikawaambia hapahapa Tanga miaka ya tisini madaktari na waganga wa tiba asili walikaa meza moja kuhudumia watu wa UKIMWI, Tanga AIDS Working Group ile, wageni walikua wanakuja kujifunza kwetu. Nikawakumbusha na 2020 ya Corona, nani humu ndani hakuinamia nyungu akajifunika blanketi? Kimya. Masaa hawakuniongezea. Na mwaka uliofuata nikaona zile stuli zangu na lile igizo la bibi kwenye wasilisho la mtu mwingine, jina langu halipo, ila tuyaache.

Tuje kwenye furaha, maana na hili ndilo lililonifanya nisimjibu kijana kwa mkato. Mwezi uliopita wanafunzi wangu wako fildi, kuna mmoja mwaka wa pili, Msukuma, pwani kaijulia chuoni. Mgonjwa wake mama mmoja anasubiri kutolewa uvimbe kwenye kizazi, kesho yake saa nne asubuhi. Jioni mama mkwe kaja na sahani nyeupe kaifunika kwa kitambaa, imeandikwa aya kwa zafarani, kombe, aisuuze kwa maji ya waridi mgonjwa anywe kabla hajaingia kupasuliwa. Sista wa zamu kashaanza, mama toa hiyo sahani hapa, mgonjwa hali wala hanywi! Mama mkwe nae kashaanza kukunja uso, na mgonjwa analia kwamba bila kombe yeye haingii.

Yule mwanafunzi wangu hajui kombe ni mdudu gani. Akavuta stuli. "Shikamoo bibi, naomba unifundishe, hii inakuaje?" Bibi akamfundisha. Akauliza ndani kuna nini, zafarani na maji ya waridi tu? Maziwa hakuna? Asali hakuna? Hakuna. Ni kiasi gani? Kikombe kidogo cha kahawa. Lazima inywewe dakika ya mwisho au inaweza kuwahi? Bibi akasema hata alfajiri baada ya swala, muhimu iwe kabla. Kijana akatoka na yale majibu akamfuata mtu wa usingizi, yule anayemlaza mgonjwa kabla ya kupasuliwa, maana kinywaji chepesi kisicho na maziwa kinaruhusiwa mpaka masaa mawili kabla, chakula ndio masaa sita. Mtu wa usingizi akasema kikombe cha kahawa saa kumi na mbili asubuhi mie sina neno, andika kwenye faili. Akaandika, saa na kiasi.

Saa kumi na mbili mama kanywa, kajifuta mdomo, kalala. Presha ambayo jioni ilisoma 160 kwa 100 asubuhi ikasoma 138 kwa 86. Sisemi kombe limeshusha presha, msinipeleke huko, mtu aliyelala usingizi wake na hajagombana na mkwewe presha inashuka. Kijana alinipigia simu mchana anahema, "Madamu nimeuliza!" Nilikua kwenye bajaji natoka Makorora, nilitokwa na machozi dereva akaniuliza mama kuna msiba?

Cicely Saunders, yule Mwingereza aliyeanza nesi, akawa mtu wa ustawi wa jamii, akaishia daktari, akafungua St Christopher's kwa wagonjwa wasiopona mwaka 1967, alisema maumivu ya mtu ni ya mwili, ya moyo, ya jamii yake na ya roho, yote kwa mpigo. Kwenye slaidi nimelisoma hilo mara mia. Bibi yangu wa Ngamiani alikua nayo yote manne, mguu unauma, anaogopa kukatwa, hajui nani anawapikia wajukuu, na kila usiku anamuuliza Mungu kakosa nini. Nesi wake kaona chupa tu. Wewe unayefundisha usiwe unamuona mwanafunzi hivyohivyo, maana mwanafunzi anayefokewa darasani ndio huyohuyo atakayefoka wodini, anaurithi mdomo wako kabla hajarithi noti zako. Muulize na yeye. Kaa na yeye. Mie nilifokewa sana chuo na sitaki kusema nani.

Haya, ulimalizia kwa kuuliza mtihani unautungaje. Kwetu kwenye OSCE, ule mtihani wa vitendo ambao mwanafunzi anapita kituo kwa kituo, hakuna kituo cha mambo haya na sikupewa, kwa hiyo nimelichomeka kwenye kile cha kuchukua historia ya mgonjwa, alama moja kwa kuvuta stuli na moja kwa kuuliza ana kitu gani kingine anachotumia. Muigizaji mgonjwa naweka mama wa jikoni, chupa ya kijani iko chini ya mto, na mwanafunzi akiuliza vizuri anaitoa mwenyewe. Mwaka jana waliopata zote mbili ni kumi na tisa kati ya arobaini na moja. Wewe ukiweza weka alama nne, na majani ya muarobaini mie ntakutumia kwa basi la asubuhi kama huko hakuna.