Unameza lithiamu? Hiyo diklofenaki iweke chini kwanza

Usimeze tembe nyingine ya hiyo dawa ya maumivu. Tembe zilizobaki ziache hapo hapo zilipo mpaka uongee na daktari aliyekuandikia lithiamu, ile dawa yetu ya ugonjwa wa bipolar, na uongee naye leo. Usisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Umeuliza mambo manne, mkuu: lithiamu inafanyaje kazi, kama inanenepesha, utaimeza mpaka lini, halafu mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka jambo akiwa mlangoni, ukasema mgongo unauma na muuza dawa kakupa diklofenaki, kakuhakikishia kwamba "hazigombani". Nilipofika hapo mwili ulinisisimka. Neno hilohilo niliambiwa mimi.

Nilikuwa mwaka wa pili kwenye lithiamu. Kiwango cha lithiamu kwenye damu 0.7, usingizi umerudi, kazini wameanza kuniamini tena. Mgongo ukakaza. Nikaenda duka la dawa na nikauliza mwenyewe, kwa mdomo wangu: "Natumia lithiamu, kuna shida?" Yule mtu hakufungua kitabu, hakumpigia mtu simu, hakukunjua hata karatasi ya maelezo iliyo ndani ya boksi, ambayo onyo hilo limo. Akasema hazigombani, hii ni ya mgongo na ile ni ya kichwa. Hasira yangu kwake haijaisha. Kutojua si dhambi. Angesema "sijui, muulize daktari wako", ningeondoka na mgongo wangu na shukrani juu. Lakini kumjibu mtu kwa uhakika jambo usilolijua, naye amekuja kwa sababu anakuamini, hilo sijaweza kulisamehe.

Nikameza tembe tatu kwa siku. Siku ya tatu mgongo ulikuwa umetulia, mikono ikaanza kutetemeka. Siyo ule mtetemo mdogo wa vidole ambao wengi wetu tumeuzoea. Huu ulimwaga maji ya kwenye glasi. Siku ya tano nikaharisha na kutapika. Na hapa ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko lile la dukani: nilidhani tumbo limechafuka tu, nikaendelea na lithiamu asubuhi na jioni bila kukosa, kwa kuwa nilifundishwa dozi hairukwi. Hakuna aliyewahi kuniambia kuwa kuharisha na kutapika ni dalili za lithiamu kuzidi, wala kwamba maji yakikutoka hivyo lithiamu inazidi kupanda. Nilikuwa najaza ndoo iliyokwisha kufurika. Siku ya saba ulimi ukawa mzito, nikawa napepesuka. Kaka yangu akadhani nimelewa, akanigombeza kwanza, ndipo akanipeleka hospitali. Damu ikasoma 2.4.

Zielewe namba hizi. Wengi wetu tunatakiwa tuwe kati ya 0.6 na 0.8, wengine hadi 1.0, kwa kipimo cha milimoli kwa lita, damu ikitolewa zikishapita saa kumi na mbili tangu dozi ya mwisho. Kuanzia 1.5 sumu inaanza kujionyesha, na wapo wanaoipata chini ya hapo. Ukipita 2.0 unazungumzia degedege, kupoteza fahamu, kifo. Nilitundikiwa dripu, nikaunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Siku chache baadaye damu ilikuwa safi, lakini ubongo huiachia lithiamu taratibu kuliko damu, na kwangu kuna kitu hakikurudi. Ni mwaka wa tatu sasa. Kikombe nakishika kwa mikono miwili, na benki wamenibadilishia saini mara mbili kwa sababu hazifanani.

Sababu yenyewe si ngumu. Lithiamu ni chumvi, na ini haliivunji kama dawa nyingine. Karibu yote inatoka kwa njia moja, kupitia figo, na figo inaishughulikia kama ile sodiamu ya chumvi ya kawaida. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao wanapunguza damu inayopita kwenye figo, basi lithiamu inayotakiwa kutoka inabaki ndani. Baadhi ya dawa za presha hufanya hivyohivyo, hasa zile za kukojoza za kundi la thiazidi, na enalapri na wenzake. Na chumvi nayo! Umesema umeacha chumvi ghafla kwa ajili ya presha. Mwili ukikosa sodiamu, figo inaing'ang'ania lithiamu badala yake. Mwaka 1949, mwaka uleule John Cade wa Australia alipotangaza kuwa lithiamu inatuliza wagonjwa wa mania, ile hali ya akili na mwili kuchangamka kupita kiasi, Marekani kulikuwa na wagonjwa wa moyo waliokatazwa chumvi wakawa wananyunyizia chumvi ya lithiamu kwenye chakula. Baadhi yao walikufa.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: kisiingie kidonge kipya mdomoni, wala kisitoke cha zamani, kabla anayekupima lithiamu hajakisikia jina. Cha maumivu, cha presha, cha mitishamba, vyote. Maumivu ya kawaida muulize kuhusu parasetamoli, hiyo haiigusi lithiamu kwa njia hii. Mnaotumia valproeti na lamotrijini, dawa nyingine za bipolar, nanyi msikae kando: valproeti hupandisha lamotrijini karibu mara mbili, na hapo ndipo vipele vya lamotrijini vinapoweza kugeuka ngozi kubabuka. Kabamazepini, nayo ya kundi hilo, inadhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango. Hakuna kati yetu anayemeza "dawa ya kichwa" tu.

Lakini tafadhali usinisome vibaya ukaitupa lithiamu yenyewe. Kuiacha ghafla kunarudisha mania haraka, wakati mwingine kali kuliko ya mwanzo. Hupunguzwa pole pole, wiki kadhaa hadi miezi, chini ya daktari. Ninachosema ni kingine: ukitapika, ukiharisha, ukitetemeka kwa nguvu, ukipepesuka au ulimi ukawa mzito, dozi inayofuata isimezwe, nenda hospitali sasa hivi, waambie mlangoni "natumia lithiamu, nipimeni kiwango". Ukishapimwa, wao ndio watakaokuambia lini uendelee.

Hukuandika umeshameza tembe ngapi za diklofenaki, na kwa siku ngapi. Mikono ikoje? Nyoosha vidole uviangalie, kisha nijibu hapahapa. Nitabaki mtandaoni usiku huu.