Malipo ya motisha kwa umeme wa maji: anayeanza na aanzie kwenye mita

Anayeingia leo kwenye kazi ya umeme mdogo wa maji, awe mhandisi, mhasibu au msimamizi wa ushirika, kwa kawaida hufundishwa mto kwanza: maji ni kiasi gani, yanaanguka kutoka juu kiasi gani, bomba liwe la unene gani. Ni sawa. Ila kuna jambo ambalo huchelewa kuambiwa, na kuchelewa huko kunagharimu. Fedha ya motisha haifuati ukubwa ulioandikwa kwenye kibao cha jenereta. Mara nyingi inafuata uniti (kilowati-saa) zilizopita kwenye mita, zikasomwa siku iliyokubaliwa, zikasainiwa na pande zote mbili. Uniti iliyofuliwa bila kuhesabiwa hailipwi, na iliyohesabiwa bila ushahidi hulipwa kwa kusuasua au hukataliwa.

Jua kwanza kinacholipiwa

Neno "motisha" limebeba mambo mengi, na mgeni huyachanganya. Kabla hujafungua kompyuta kupiga hesabu, jiulize: serikali inanunua nini hasa kwa fedha hii?

Kenya ilichagua bei maalumu ya ununuzi. Sera yake ilianza 2008, ikarekebishwa 2010 na 2012. Katika jedwali la 2012, mtambo wa maji wa megawati 0.5 ulipangiwa senti 10.5 za dola kwa uniti moja, na wa megawati 10 senti 8.25, kwa mkataba wa miaka 20. Aliye katikati hupigiwa uwiano kati ya ncha hizo mbili. Sera ya 2021 ilipeleka jua na upepo kwenye minada, ikawabakizia bei maalumu wazalishaji wa maji, bayogesi na mabaki ya mimea wasiozidi megawati 20. Hapa hakuna hundi ya pembeni. Motisha yote imo ndani ya bei. Maana yake uniti ikipotea, inapotea na motisha yake.

Uganda ilipita njia nyingine. Mpango wa GET FiT, ulioanza 2013 kwa ushirikiano wa mamlaka ya udhibiti wa umeme (ERA) na benki ya maendeleo ya Ujerumani (KfW), uliongeza malipo juu ya bei ya kawaida kwa mitambo ya megawati 1 hadi 20. Kwa maji nyongeza ilikuwa senti 1.4 za dola kwa uniti. Inaonekana ndogo, lakini kila gigawati-saa moja, yaani uniti milioni moja, ni dola 14,000. Uzuri wake ulikuwa kwenye ratiba: nyongeza ilipigiwa hesabu ya miaka 20, nusu ikatolewa mtambo unapoanza kuuza umeme, na nusu iliyobaki ikalipwa ndani ya miaka mitano ya kwanza kulingana na umeme uliopelekwa. Tazama hiyo nusu ya pili. Aliyejaza makadirio makubwa ili avutie, kisha mto ukampa kidogo, alikutana na makadirio yake mwenyewe kwenye miaka hiyo mitano.

Tanzania, kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA) na TEDAP, mradi wa kuendeleza nishati na kuifikisha kwa watu, ilitoa ruzuku ya dola 500 kwa kila mteja mpya wa kijijini aliyeunganishwa na mzalishaji mdogo. Hapa kinachohesabiwa ni nyumba iliyowashwa taa. Uniti hazimo katika hesabu hiyo. Mtu mwenye mtambo mzuri na nguzo zimesimama, lakini wanakijiji hawajafanya nyaya za ndani ya nyumba, hana cha kudai. Bajeti ya mradi wa aina hii lazima iwe na fungu la nyaya za ndani, hata kama ni mkopo mdogo kwa mteja, la sivyo ruzuku itabaki kwenye karatasi.

Na Marekani kuna somo la aina yake. Kifungu cha 242 cha Sheria ya Sera ya Nishati ya 2005 kiliahidi senti 1.8 kwa uniti, zikipandishwa kufuata mfumuko wa bei, kwa kipindi cha miaka 10, kwa anayefunga turbini kwenye bwawa au mfereji uliokuwepo tayari. Kikomo kilikuwa dola 750,000 kwa mwaka kwa kituo kimoja. Sheria ilikuwepo, lakini Bunge lao halikutenga fedha hadi mwaka wa fedha wa 2014. Tena fedha ikiwa pungufu kuliko madai, kila mwombaji hupunguziwa kwa uwiano. Anayeanza ashike hili, popote alipo: uliza kifungu cha sheria, kisha uliza kifungu cha bajeti. Motisha ambayo kiasi chake hutegemea bajeti ya kila mwaka usiiweke kwenye jedwali la kurudisha mkopo wa benki. Iweke kando, kama nyongeza ikija.

Makadirio ya mto

Kanuni unaijua: nguvu kwa kilowati ni 9.81, mara maji kwa mita za ujazo kwa sekunde, mara kimo (urefu wa maporomoko) kwa mita, mara ufanisi. Chukua mto unaotoa mita za ujazo 1.2 kwa sekunde, kimo mita 85, ufanisi wa jumla 0.8. Unapata kilowati 800. Kosa linaanzia hapa, kwa sababu mgeni huzidisha 800 kwa saa 8,760 za mwaka, akapata uniti milioni 7 na kitu. Hizo hazipo. Kuna kiangazi, kuna matengenezo, kuna gridi kukatika, kuna maji ambayo kibali kinakutaka uyaache mtoni. Ukichukua asilimia 55, ambayo ni mfano tu na si ahadi ya mto wako, zinabaki uniti kama milioni 3.85. Kwa bei ya Kenya ya 2012, ambayo kwa megawati 0.8 inaangukia karibu senti 10.43, tofauti ni kati ya dola 731,000 za ndotoni na dola 402,000 za kweli. Mkopo uliojengwa juu ya namba ya kwanza hufa mwaka wa pili.

Asilimia yako itoke kwenye vipimo. Simamisha rula ya kina cha maji mahali mto umenyooka na hautawanyiki, isomwe asubuhi na jioni kila siku kwa mwaka mzima usiopungua, na wingi wa maji upimwe angalau mara kumi katika vina tofauti ili upate uhusiano wa kina na wingi. Aliyepima Aprili peke yake amepima masika, hajapima mto. Kisha linganisha mwaka wako na mvua za miaka mingi za kituo cha karibu, maana huenda ulipima mwaka wa neema. Pia soma kama bei yako inabadilika na msimu. Katika utaratibu wa kwanza wa Tanzania wa wazalishaji wadogo, umeme uliouzwa Agosti hadi Novemba ulikuwa na bei ya juu kuliko wa miezi mingine, kwa sababu ndipo mabwawa makubwa yanaposhuka. Mto wenye chemchemi zinazodumu kiangazi unaweza kuushinda mto mkubwa wa mafuriko.

Mita

Kaa hapa muda mrefu kuliko kwenye turbini, kwa sababu turbini ikikosea utasikia kelele, ila mita ikikosea haina sauti.

Kwanza, mahali ilipo. Mkataba wa kuuziana umeme hutaja sehemu ya makabidhiano. Mita ikiwa kwenye jengo la mtambo, upotevu wa njia hadi gridi ni wa mnunuzi. Ikiwa kwenye nguzo ya kuunganishia, kilomita kadhaa mbele, upotevu wa transfoma na wa njia ya kilovolti 33 ni wako. Asilimia tatu za uniti milioni 3.85 ni uniti 115,500 kila mwaka. Wapo waliosaini bila kuuliza nguzo ipi.

Pili, transfoma za kupimia mkondo, ambazo mafundi huziita CT. Mita haioni mkondo mzima. Huona sehemu yake, kisha huzidisha kwa uwiano uliowekwa ndani yake. CT zikiwa za 100/5 na mita ikawekewa 50/5, utalipwa nusu ya umeme wako, na kila kitu kitaonekana sawa. CT ya fezi moja ikifungwa kinyume, fezi hiyo hutoa badala ya kujumlisha: mbili kutoa moja, mita inasoma theluthi moja tu. Fyuzi ya upande wa kupimia msongo (volti) ikiungua katika fezi moja, unapoteza theluthi. Njia ya kuyakamata ni rahisi. Siku ya kuwasha, na kila mwezi baadaye, soma kilowati kwenye paneli ya jenereta na kwenye mita ya mauzo kwa dakika ileile, toa matumizi ya ndani na upotevu unaojulikana. Tofauti ikizidi asilimia mbili au tatu, tafuta sababu siku hiyohiyo, usingoje ankara.

Dai mita mbili, kuu na ya kulinganisha, kila moja na CT zake. Weka kwenye mkataba tofauti inayovumilika kati yake, nani anaita mpimaji, na marekebisho yanarudi nyuma miezi mingapi. Kifungu hiki cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi: hitilafu ya miezi tisa ikigunduliwa na mkataba unaruhusu kurudi nyuma miezi mitatu, miezi sita umeitoa sadaka.

Tatu, umeme unaoingia. Mtambo ukisimama, taa, pampu za mafuta na chaja za betri huvuta kutoka gridi, na uniti hizo hutozwa kwa bei ya mteja wa kawaida, ambayo ni tofauti kabisa na bei yako ya mauzo. Jenereta ya aina ya induksheni tena huvuta nguvu-tuli (inayojenga usumaku wa mashine bila kufanya kazi) kutoka gridi, na mikataba mingi ina adhabu ya hilo. Kapasita za kurekebisha zinunuliwe tangu mwanzo.

Gridi ikikatika

Mitambo midogo mingi iko mwisho wa njia ndefu za vijijini, zinazopita msituni na milimani kwenye radi. Njia ikikatika, maji yanapita bure juu ya banio, kizuizi kinachoyaingiza kwenye mtambo. Uganda ilionyesha hili waziwazi: baadhi ya mitambo ya GET FiT ilikamilika kabla njia za kuisafirishia umeme hazijawa tayari au imara, na ikazuka hoja ya kulipa uniti za kukadiriwa, yaani umeme ambao ungefuliwa kama gridi ingekuwepo.

Soma kama mkataba wako una kifungu hicho. Mikataba mingi ya mitambo midogo haina, au imeweka saa kadhaa za kuvumilia kila mwezi kabla ya kulipa. Ukiwa nacho, kudai kwataka vitu vitatu kwa kila katizo: saa lilipoanza na kuisha, sababu kama ilivyonaswa na rilei ya kinga (kifaa kinachokata umeme kukiwa na hitilafu), na kina cha maji kwenye banio wakati huo. Bila kina cha maji, mnunuzi atasema hata gridi ingekuwepo hukuwa na maji, na huna jibu. Saa ya rilei ilingane na saa ya mita. Dakika saba za tofauti zinatosha kuua dai. Kumbukumbu za rilei hujaa na kujifuta, kwa hiyo zipakuliwe kila wiki. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali ni maji yaliyokwisha pita.

Usisahau pia kinachopunguza uniti huku mashine inazunguka. Majani kwenye chujio hushusha kimo bila kengele kulia. Mchanga ambao haukutuama kwenye tangi hula vikombe vya turbini ya Pelton na mabawa ya turbini za aina nyingine, ufanisi ukashuka kidogo kidogo. Weka chati ya kilowati dhidi ya ufunguzi wa vali, ujaze kila mwezi. Ufunguzi uleule ukitoa kilowati pungufu, ama chujio limeziba ama chuma kimelika. Hilo linaonekana kwenye chati wiki nyingi kabla halijaonekana kwenye malipo.

Jalada la madai

Mlipaji wa motisha hukaa ofisini mbali na mto. Anachokiona ni jalada tu. Liwe na kibali cha matumizi ya maji kilicho hai (Tanzania kinatoka bodi ya maji ya bonde lako), cheti cha mazingira, leseni au usajili, mkataba wa kuuziana umeme na viambatisho vyake vyote, na hati ya tarehe ya kuanza biashara iliyosainiwa na mnunuzi. Tarehe hiyo ndiyo inayoanzisha saa ya motisha. Ukiwasha mashine kwa majaribio wiki sita na hati haijasainiwa, umeme wa wiki hizo huenda ukalipwa bei ya majaribio au usilipwe kabisa. Andika barua ya kuomba ukaguzi mapema, na utunze nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kwa ruzuku ya wateja, kila mteja awe na mstari wake: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya mita, nukta za GPS, tarehe ya kuwashiwa, saini. Wakaguzi huchagua nyumba chache bila kutoa taarifa na kwenda kugonga mlango. Mteja mmoja hewa akipatikana, orodha nzima hurudishwa kuhakikiwa upya, na malipo ya waliounganishwa kihalali hukwama pamoja naye.

Usomaji wa mwezi ufanyike siku na saa iliyoandikwa kwenye mkataba, wawakilishi wa pande mbili wakiwepo. Piga picha ya kioo cha mita ikionyesha namba ya mita, tarehe na rejesta zote, za kutoka na za kuingia, kisha nyote msaini karatasi palepale, kabla hamjaondoka kwenye chumba cha mita. Mwakilishi wa mnunuzi asipofika, pakua usomaji uliojihifadhi wenyewe ndani ya mita wa saa sita usiku wa siku ya mwisho wa mwezi, umtumie siku hiyohiyo kwa njia inayotajwa kwenye kifungu cha taarifa. Kama kifungu kinasema barua kwa mkono, simu na WhatsApp hazihesabiki.